Video ya Ukerezaji Ipimwe kwa Makali Inayoyaonyesha

Mtu anayeanza kujifunza kukereza mbao kwa mashine hukutana na video nyingi kuliko anazoweza kuzimaliza, na sehemu kubwa ya video hizo ina mpangilio mmoja: gogo lenye magome linafungwa kwenye mashine, maranda yanaruka, muziki unapigwa, na baada ya dakika chache bakuli linang'aa mikononi mwa mkerezaji. Kutazama kazi ya namna hiyo kunafurahisha, na sioni ubaya wowote mtu akijiburudisha nayo. Ubaya huanza pale mwanafunzi anapoichukua kuwa somo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba video ya kufundishia ukerezaji inapaswa kupimwa kwa kile inachoonyesha mahali makali ya patasi yanapokutana na mti, wala si kwa uzuri wa kitu kinachotoka mwishoni, na kwamba anayeanza atafaidika zaidi na video chache zinazofundisha mkato mmoja mmoja kuliko mamia ya video zinazofundisha vitu, yaani bakuli, kinara, kalamu na kadhalika.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika kazi nyingi za useremala mti hutulia na chombo ndicho kinachokwenda, hivyo seremala akikosea husimamisha mkono na kosa hukoma hapo hapo. Kwenye mashine ya kukereza mti ndio unaokwenda, tena kwa nguvu ya mota, na mkono wa mkerezaji hauwezi kuusimamisha. Pande lenye kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hupita mbele ya patasi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Makali yakiugusa mti unaokwenda hivyo katika sehemu ambayo haikushikiliwa na kiegemeo, yaani kile chuma kilicho mbele ya mti ambacho patasi hulazwa juu yake, wala na mti wenyewe, mti huyasukuma chini, patasi hujipindua au hujichimbia, na pigo hutokea kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Hali hiyo ya patasi kunaswa ndiyo inayoogopwa kuliko nyingine zote na wanaoanza, na wana haki ya kuiogopa.

Kinga yake ni utaratibu mfupi ambao kila mwalimu mzuri huufundisha kabla ya kufundisha umbo lolote. Patasi hutua kwanza juu ya kiegemeo, kabla haijagusa mti. Kisha hanamu, yaani ule uso wa mshazari ulio nyuma ya makali, huegemezwa juu ya mti unaozunguka bila kukata chochote. Mwisho mpini huinuliwa taratibu hadi makali yaanze kuondoa utepe mwembamba wa mti, na kuanzia hapo hanamu huendelea kuusugua mti na kuyaongoza makali mbele. Kinachotenganisha mkato safi na pigo la kutisha ni digrii chache za mwinuko wa mpini, digrii chache za kulalia kwa patasi upande mmoja, na milimita chache za sehemu ya makali inayogusa mti. Video ambayo haikuonyesha digrii hizo na milimita hizo haijafundisha kukereza, hata kama bakuli lililotokea ni la kuvutia kiasi gani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya video yoyote ni mahali kamera ilipowekwa. Kamera iliyosimama mbele ya mashine humwonyesha mwalimu usoni na huonyesha umbo la kazi, lakini huficha hanamu, kwa sababu mti wenyewe umesimama kati. Kamera iliyo juu huonyesha vizuri patasi inavyosafiri kutoka kushoto kwenda kulia, ila haiwezi kuonyesha kimo cha mpini, na kimo hicho ni nusu ya somo. Kamera iliyo upande wa mkia wa mashine, yaani ule ulio mbali na mota, ikitazama sambamba na mhimili ambao mti huuzunguka, ndiyo inayoonyesha wazi hanamu ikiegemea na makali yakianza kuuma. Kamera inayochungulia kutoka begani mwa mwalimu humwonyesha mwanafunzi picha ile ile atakayoiona mwenyewe akisimama kazini, na kwa kuiga mkono hakuna pembe iliyo bora kuliko hiyo. Mwalimu makini hutumia angalau pembe mbili kwa mkato mmoja, moja ya karibu kabisa na nyingine ya mbali inayoonyesha miguu, kiuno na viwiko, kwa maana mpini wa patasi ndefu huongozwa na mwili mzima kuliko mikono. Anayejifunza na kuona vidole tu atajaribu kufanya kwa vidole kazi ambayo mwalimu anaifanya kwa nyonga.

Sauti nayo ina uzito ambao watengenezaji wengi wa video hawaupi. Mkato safi una mlio laini, mfululizo, usiobadilika. Hanamu ikiachana na mti mlio hukatika, na pande likianza kutetemeka husikika mgongano wa haraka hata kabla jicho halijaona alama juu ya mti. Mkerezaji mzoefu husikiliza kazi yake muda wote. Mtu anayefunika sauti hiyo kwa muziki amemnyima mwanafunzi taarifa moja kati ya chache ambazo video inaweza kuzibeba kwa uaminifu, maana uzito wa patasi mkononi na mtetemo wa mpini haviwezi kubebwa kabisa. Kwangu mimi, muziki unaopigwa wakati wa mkato ni sababu ya kutosha ya kuiacha video hiyo na kutafuta nyingine, hata kama picha zake ni nzuri.

Kasi ya mzunguko ni jambo jingine ambalo mwanafunzi hawezi kulitambua kwa kutazama. Kamera hupiga picha kadhaa kwa sekunde, na kitu kinachozunguka kinaweza kuonekana kimesimama, kinakwenda polepole, au hata kinarudi kinyumenyume, kutegemea uwiano kati ya mizunguko yake na idadi ya picha hizo. Jicho la mtazamaji linadanganywa bila mtu yeyote kukusudia. Ndiyo maana mwalimu anapaswa kutamka kasi anayotumia pamoja na kipenyo cha pande lake. Wakerezaji wengi hufuata kanuni isemayo kwamba kipenyo kwa inchi kikizidishwa na mizunguko kwa dakika, jibu lizunguke kati ya 6,000 na 9,000. Kwa hiyo pande la inchi 10, ambalo ni kama sentimita 25, litazungushwa mara 600 hadi 900 kwa dakika, na pande ambalo bado halijawa duara huanzishwa chini zaidi ya hapo. Mwanafunzi aliyeona bakuli kubwa likizungushwa kwa kasi ambayo hakuambiwa, kisha akaikisia kwa mashine yake, anacheza na jambo la hatari: kasi ikiongezwa maradufu, nguvu iliyomo ndani ya pande linaloruka huongezeka mara nne.

Nimesema video chache, na hapa kuna ushahidi unaostahili kuzingatiwa na kila mtu anayejifunza kazi ya mikono kwa kutazama. Mwaka 2018 watafiti Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliotazama tendo la ustadi mara nyingi, kwa mfano kurusha vishale kwenye shabaha, waliamini kuwa uwezo wao wenyewe umekua, lakini walipopewa nafasi ya kujaribu hawakufanya vizuri kuliko wale waliotazama mara moja tu. Kadiri walivyotazama ndivyo imani ilivyopanda, na ustadi ukabaki pale pale. Watafiti hao waliona pia kwamba watu walioshika kifaa chenyewe mkononi baada ya kutazama walipungukiwa na imani hiyo ya bure, kwa sababu uzito wa kifaa uliwakumbusha yale ambayo macho hayakuyaona. Ukerezaji unaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Mkono wa fundi mzoefu huonekana umetulia kiasi kwamba mtazamaji hudhani kazi ni nyepesi, na mtu aliyemaliza mfululizo mrefu wa video bila kugusa mashine huja kwenye patasi akiwa na ujasiri mwingi kuliko siku aliyoanza, huku mikono yake ikijua kile kile ilichokuwa inakijua siku hiyo.

Baada ya kamera na sauti, jambo ninalolitafuta kabla ya mengine yote ni kunoa. Hapa ndipo walimu wa kweli hutambulika upesi. Patasi butu haiwezi kukata kwa kuegemea hanamu. Humlazimisha mtu kusukuma, na kusukuma ndiko kunakozaa kunaswa. Mwanafunzi ambaye hajafundishwa kunoa atatazama mkato ule ule mara nyingi, atauiga kwa uangalifu, atashindwa, na atajilaumu mwenyewe ilhali kosa liko kwenye chuma. Kwa hiyo video ya kwanza kabisa ambayo mtu anapaswa kuitafuta ni ile inayoonyesha, bila kukatizwa, patasi butu ikipelekwa kwenye mashine ya kunolea, ikinolewa na kurudishwa kwenye mti. Iseme pembe: bobari ya bakuli, yaani patasi yenye mfereji inayotumika kwa vyombo vya mviringo, kwa kawaida hunolewa kati ya digrii 40 na 60, na bobari ya kazi ndefu nyembamba kati ya 30 na 40. Ionyeshe namna ya kupaka wino kwenye hanamu ili mtu aone jiwe linagusa wapi hasa. Ionyeshe cheche zikianza kupanda juu ya makali, ambayo ni dalili kwamba jiwe limefika ukingoni na ni wakati wa kuacha. Ieleze pia ni mara ngapi mwalimu hurudi kwenye jiwe, kwa maana watu wengi wanaoanza hushangaa kuona kwamba fundi hunoa tena kabla tu ya mkato wa mwisho, hata kama patasi ilikuwa ikikata vizuri dakika moja kabla.

Umbo la ncha huleta tatizo jingine ambalo video hulificha kwa urahisi. David Ellsworth, mkerezaji wa Marekani aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wakerezaji wa nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1986, alijulikana kwa kunoa bobari yake huku mabawa ya pembeni, yaani makali yaliyo pande mbili za mfereji, yakiwa yamevutwa nyuma sana, umbo ambalo huiwezesha patasi moja kufanya mikato ya aina kadhaa. Wengine hupendelea bobari iliyonolewa kwa mkono bila kifaa cha kushikilia, mabawa yakiwa mafupi na ncha ikiwa butu zaidi kwa pembe. Mikato inayowezekana kwa ncha ya kwanza haiwezekani yote kwa ncha ya pili, na nyingine ni ya hatari. Mwanafunzi anayemtazama fundi mwenye mabawa marefu, akiwa na bobari yenye umbo ililotoka nalo kiwandani, ataiga kila kitu isipokuwa kile kinachofanya mkato ule uwezekane. Mwalimu asiyeionyesha ncha yake kwa karibu kabla ya kuanza kukata ameacha nusu ya maelezo nyumbani.

Hapo hapo ndipo inapotoka sababu ya ushauri ninaoutoa kwa msisitizo mkubwa, nao ni kumfuata mwalimu mmoja kwa muda mrefu kabla ya kusikiliza wengine. Kimo cha kiegemeo, pembe ya ncha, urefu wa mpini, mahali pa kusimama na mwelekeo wa mfereji ni mambo yanayotegemeana. Mwalimu mmoja huweka kiegemeo chini kidogo ya mhimili na kuinua mpini. Mwingine huweka juu na kushusha mpini. Wote wawili hukata vizuri kwa sababu kila mmoja ameyapatanisha mambo yake yote. Anayechukua kiegemeo cha huyu, ncha ya yule na msimamo wa wa tatu anajitengenezea mfumo ambao hakuna fundi aliyewahi kuujaribu. Mkanganyiko unaowakatisha watu tamaa mara nyingi hauna sababu nyingine zaidi ya hiyo. Si lazima mwalimu huyo awe ndiye bora kuliko wote. Inatosha awe wazi, asijipinge mwenyewe kutoka somo moja hadi jingine, na awe na masomo yanayofuatana.

Mti wenyewe unahitaji kuelezwa, na video nyingi hunyamaza juu yake. Katika kazi ndefu, kama mguu wa kiti, nyuzi za mti hulala sambamba na mhimili, na mkato huteremka kutoka kipenyo kikubwa kwenda kidogo ili nyuzi zilizo chini ziziunge mkono zile zinazokatwa. Katika bakuli la kawaida nyuzi hupita kukingama na mhimili, kwa hiyo katika kila mzunguko makali hukutana mara mbili na ubavu wa nyuzi na mara mbili na vichwa vyake. Nje hukatwa kutoka kitako kwenda ukingoni, na ndani kutoka ukingoni kwenda katikati. Mwalimu anayesema tu kata hivi, bila kusema kwa nini mwelekeo umegeuka, anamwachia mwanafunzi kanuni mbili zinazopingana. Kisha kuna unyevu. Tepe ndefu zinazoruka juu ya bega la mkerezaji katika video za kuvutia mara nyingi hutoka kwenye mti mbichi, ambao hukatika kwa ulaini. Mti mkavu na mgumu hautoi tepe za namna hiyo hata kwa patasi kali. Bakuli lililokerezwa likiwa bichi, zaidi ya hayo, litapinda likikauka, ndiyo maana wengi hulikereza kwanza likiwa nene, unene ukiwa takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo, hulipaka kitu cha kuchelewesha ukaukaji hasa kwenye vichwa vya nyuzi, na kulirudia baada ya miezi kadhaa. Video ikionyesha bakuli bichi likimalizwa kwa siku moja bila kusema litakavyokuwa baadaye, imeficha sehemu ya ukweli.

Mashine ya mwalimu nayo itajwe. Mashine nzito yenye mota yenye nguvu huvumilia mkato mnene ambao mashine ndogo ya mezani haiwezi kuuhimili. Hiyo ndogo itasita, mkanda utateleza au meza nzima itatetemeka. Anayejifunza kwa mashine ndogo amtafute mwalimu anayetumia mashine ya ukubwa unaokaribiana, angalau kwa masomo ya mwanzo.

Usalama katika video ninauchukua kuwa kipimo cha mwalimu mzima. Sizungumzii dakika moja ya maonyo mwanzoni, ambayo kila mtu anaweza kuisoma, bali mazoea yanayoonekana mwalimu akiwa amesahau kwamba anafundisha. Je, huzungusha pande kwa mkono kabla ya kuwasha, ili kuhakikisha haligongi kiegemeo? Je, husimama kando ya mstari ambao pande lingeruka anapobonyeza kitufe? Je, huondoa kiegemeo kabla ya kupiga msasa? Je, amevaa ngao ya uso mzima, au miwani tu ambayo haiwezi kuulinda mfupa wa shavu dhidi ya kipande cha kilo mbili? Je, mikono yake iko wazi bila glovu, na nguo zake hazina cha kuning'inia? Vumbi la mbao, ambalo wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani umeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, je, linavutwa na mashine au linavutwa na mapafu yake? Mwalimu mwenye mkono mzuri na mazoea mabaya atamfundisha mwanafunzi vyote viwili, kwa sababu anayeiga hachagui.

Lipo kosa moja ambalo, likionekana, linatosha kufunga video hapo hapo. Bobari pana ya kupunguzia kazi ndefu haitumiki kwenye bakuli. Kwa muundo wake wa kawaida huingia ndani ya mpini kwa ulimi mwembamba bapa, na ulimi huo haukutengenezwa kuhimili mapigo ya vichwa vya nyuzi yanayokuja mara mbili kwa kila mzunguko, patasi ikiwa imetokeza mbali nje ya kiegemeo. Ulimi ukivunjika, chuma huruka. Bobari ya bakuli, ambayo hutengenezwa kwa nondo nzima ya duara na kuchongwa mfereji ndani yake, ndiyo iliyo na nguvu ya kazi hiyo. Mtu anayefundisha wengine bila kulijua jambo hilo hajafika mahali pa kufundisha.

Patasi zenye vipande vya kabaidi, yaani madini magumu sana, vinavyobadilishwa zimeleta video za aina yake, na zinahitaji neno la haki. Zana hizo hushikwa bapa, hukwangua zaidi kuliko kukata kwa hanamu, hazihitaji kunolewa, na humwezesha mtu kupata umbo siku ya kwanza. Sizikatai hata kidogo. Kwa mtu asiye na mashine ya kunolea ni mlango halali wa kuingilia. Kasoro iko kwenye video zinazozitangaza kana kwamba zimefuta haja ya kujifunza mkato. Kukwangua mti laini huchana nyuzi, hasa kwenye vichwa vyake, na kazi iliyookolewa kwenye patasi hulipwa kwenye msasa na vumbi. Ikiwa mwalimu amepewa zana na mtengenezaji, na akalisema hilo waziwazi, mtazamaji ana njia ya kupima maneno yake. Akinyamaza, huku kila tatizo analoligusa likiishia kwa kununua kifaa kipya, hapo pana tangazo lililovaa nguo za somo.

Uhariri wa video ni jambo ninalolitazama kwa makini kuliko ninavyotazama ubora wa picha. Mkato mmoja kamili, kuanzia patasi inapotua hadi inapotoka, uonyeshwe bila kukatwa na kwa mwendo wake halisi, angalau mara moja. Mwalimu aliyenaswa na patasi, akaiacha sehemu hiyo ndani ya video, akasimamisha mashine, akaonyesha alama iliyobaki juu ya mti na kueleza ni sehemu gani ya makali iliyogusa mahali pasipostahili, amewapa wanafunzi wake kitu ambacho saa nyingi za mikato safi haziwezi kuwapa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusababisha kunaswa kwa makusudi, kwa kuuzungusha mti kwa mkono huku mashine imezimwa, ili mtu aone patasi inavyoanza kujipindua. Nawaheshimu sana walimu wa namna hiyo.

Kuhusu video za kale na mpya, za bure na za kulipia, sina mengi ya kusema. Kabla ya YouTube kuanza mwaka 2005, wakerezaji kama Richard Raffan walikuwa tayari wamefundisha kwa kanda, na masomo ya wakati huo mara nyingi yana mpangilio ambao klipu fupi za leo hazina, ingawa mazoea ya usalama ya baadhi yake yamepitwa na wakati, hasa kuhusu vumbi na ngao za uso. Malipo kwa kawaida hununua mpangilio na mfuatano, hayanunui ukweli. Anayeweza kupata mfululizo wa bure ulio na mpangilio hana sababu ya kujiona amepungukiwa.

Wapo watakaonijibu kwamba video za miradi ndizo zinazowavuta watu kwenye kazi hii, na kwamba mtu akiambiwa akereze miinuko na mabonde juu ya kijiti cha mraba kwa wiki kadhaa ataondoka kabla hajaonja furaha. Nakubali sehemu ya kwanza. Hamu ni kitu cha thamani, na bakuli zuri kwenye kioo cha simu limewaingiza wengi katika ufundi huu. Lakini mradi wa kwanza ukishindikana kwa pigo na woga, hamu hiyo hiyo huwa ya kwanza kufa. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuchagua mradi mdogo ambao ndani yake mna mkato mmoja mpya tu, na kutafuta video ya mkato huo kabla ya video ya mradi. Nyundo ya mbao, kwa mfano, inamhitaji mtu apunguze mraba kuwa duara na akate mabega mawili; haina undani wa kuchimba wala kuta nyembamba. Kwa wengi itakuwa kitu cha kwanza chenye manufaa kutoka mikononi mwao.

Imebaki namna ya kutazama, nayo inaathiri chaguo, kwa sababu video inayofaa ni ile inayoweza kutumiwa hivi. Chagua mkato mmoja wenye urefu wa dakika moja au mbili. Utazame mara ya kwanza ukifuata mwili wa mwalimu, mara ya pili ukifuata mkono ulio kwenye mpini, mara ya tatu ukifuata makali peke yake. Kisha nenda kwenye mashine, mota ikiwa imezimwa, ushike patasi yako, uzungushe mti kwa mkono na kuhisi hanamu ikisugua kabla makali hayajauma. Ndipo uwashe. Video ambayo haiwezi kugawanywa hivyo, kwa sababu kila sekunde tatu picha inabadilika, haifai kwa kazi hii.

Na simu ile ile iliyoleta somo inaweza kutumika kujipima. Iweke mahali kamera ya mwalimu ilipokuwa, upande wa mkia wa mashine au begani, ujirekodi ukifanya mkato huo huo kwenye mti wa aina hiyo hiyo, kisha uzitazame rekodi mbili zikifuatana. Tofauti hujitokeza kwa uwazi ambao hakuna maelezo ya maneno yanayoweza kuufikia: mpini uko chini mno, mguu wa nyuma haukusogea, patasi iligusa mti kabla ya kiegemeo, mlio ulikatika katikati ya safari. Rekodi hiyo ina matumizi ya pili pia, kwani mkerezaji mzoefu akiiona anaweza kutambua kosa lako hata akiwa mbali. Ikiwa yuko karibu, omba nusu siku ya kusimama naye mashineni, kwa maana mkono wake juu ya wako kwenye mpini utakuonyesha uzito na mtetemo ambao hakuna kamera iliyowahi kuupiga picha. Mkato ukishatulia, ukatoka safi hata kwenye mti usiouzoea, ndipo kuna faida ya kumtafuta mwalimu wa pili anayeufanya mkato ule ule kwa namna tofauti, maana sasa unayo ya kwako ya kulinganisha nayo.